Mikia ya Nyimbo za Onyuka

Suna, Migori
Sabato alasiri, Agosti 1999

Mwanangu Awino,

Salamu za kuulizana hali tuziruke, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na nimekuona ukimaliza viazi vyangu. Mambo ya chandarua, ya kufunga sanduku kwa kufuli, ya kutoazima ndoo kwa wasichana wa bweni, mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na akisahau moja atakufuata nalo mpaka stendi. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu moja tu, na wiki nzima nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwanza ujue niko wapi. Niliwaambia mguu unaniuma, ndiyo maana sikuja kanisani mchana huu kusikia kwaya ikikuombea safari. Mguu hauna neno. Niko dukani. Mlango wa mbele nimeufunga kwa ndani na nimekaa mbele ya kompyuta, siku ya Sabato, mimi ambaye mama yako anawaambia watu kwamba karibu nitachaguliwa mzee wa kanisa. Yule jirani yetu wa cherehani, ambaye hana Sabato wala Jumapili, amepita akasikia mashine inavuma, akagonga. "Baba Awino, uko ndani?"  Mtu mzima mimi, nikajikunyata nyuma ya kaunta yangu mwenyewe nikingoja mtu aondoke.

Wiki iliyopita uliniuliza swali nikakudanganya. Najua unalikumbuka, kwa sababu tangu siku ile hukuniuliza jingine.

Ulikuwa umekaa hapa nilipokaa sasa. Wiki tatu ulikuwa ukihamishia kwenye kompyuta zile CD ambazo fundi wa Kisumu alitutengenezea kutoka kwa kaseti zetu. Unaweka moja, mashine inaimeza, halafu inakuletea orodha isiyo na jina hata moja, Track 01, Track 02, mpaka mwisho. Unasikiliza, unaniuliza, unaandika. Nami nilikuwa nakujibu kutoka kaunta bila kugeuka. Huo ni Mwenye Lori. Huo ni Mwalimu wa Ndhiwa. Huo ni Mama Omena. Ukacheka.

"Baba, hawa wote ni waimbaji?"

"Hayo ni majina ya nyimbo. Watu wanaitisha hivyo."

"Na mwenye anaimba?"

"Andika tu hivyo."

Na kweli watu wa kwetu huomba wimbo hivyo, hapo sikukudanganya. Mwimbaji akiwa jukwaani, mtu mwenye uwezo anasimama, anatoa chochote, anajigamba na kusifiwa katikati ya wimbo. Hiyo ndiyo pakruok yetu. Tangu hapo wimbo unakuwa wa aliyesifiwa. Mnunuzi akija dukani hasemi nipe wimbo wa fulani aliyeimba. Anasema nipe Mwenye Lori. Mimi nilikuwa mfanyabiashara, nikaandika kwenye karatasi ya jalada kile ambacho mnunuzi anataka kusoma. Miaka mingi sikuona ubaya hapo.

Halafu ukafika CD ya tatu, wimbo wa tisa. Ukavua hedfoni.

"Baba, kuja usikie. Huyu mtu anasema 'An', halafu anakatwa. Ni kama alikuwa anataka kusema jina yake."

Ukairudisha mara tatu. An. An. An. Mimi ni. Mimi ni. Mimi ni. Nilikuwa nimeshika kaseti ya mteja, nikaiweka chini.

"Sijui," nikasema. "Ni kaseti za zamani."

Hukubisha. Uliendelea na kazi mpaka saa kumi, ukasikiliza tena zile ulizokwisha kuandika, halafu ukasema, ukitazama kioo na si mimi, "Hii sauti ni moja, Baba. Iko kila mahali na haina mwenyewe." Mahali pa msanii ukaacha kile ambacho kompyuta ilijiandikia yenyewe, kwa Kiingereza, kwamba hajulikani.

Anajulikana. Ni mjomba wako Onyuka, ndugu wa mama yako, mtoto wa bibi yako wa Sindo. Ndiye yule wa picha ya ukutani mwenye gitaa na suruali pana. Alipofariki ulikuwa na miaka sita na ulikuwa umemwona labda mara nne. Umekua ukiambiwa kwamba aliimba lakini kaseti zake zote ziliharibiwa na jua. Mama yako anaamini hivyo. Bibi yako anaamini hivyo. Aliyewaambia ni mimi.

Kesho ukitoka hapa unapitia Homa Bay mpaka Sindo kumuaga bibi kabla ya kwenda masomoni Eldoret. Atakushika mkono kwa nguvu, kwa sababu macho yake hayaoni tena vizuri, na atakuuliza kile anachomuuliza kila anayetoka Suna: kwa Baba Awino hakujapatikana hata kaseti moja? Na wewe kwenye begi lako umebeba nakala za zile CD, zenye nyimbo thelathini na nane za mwanawe, na hujui. Siwezi kukuacha ufike mbele yake hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu imekuwa ndefu kiasi kwamba sasa anayeimalizia ni mtoto wangu.

Basi nikueleze lilivyoanza, nawe uone lilianza na kitu kidogo.

Onyuka alikuwa akija kutoka Sindo na wenzake wawili, wanajifungia katika kile chumba cha nyuma ambacho sasa tunawekea makasha. Nilibandika magunia ukutani kuzuia mwangwi. Nawawashia mashine, narudi mbele kwa wateja, inazunguka peke yake mpaka wamalize. Hizo ndizo zilikuwa kaseti mama. Kutoka kwa hizo nilitoa nakala za kuuza.

Siku moja akaokota kaseti kwenye kaunta, akaisoma mbele na nyuma. Hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa na kicheko kinachoanzia mabegani.

"Shemeji, andika jina yangu hata kwa kona."

"Hii karatasi ni kidogo, Onyuka. Na nani atakuja hapa kuitisha Onyuka? Wanaitisha Mwenye Lori."

Akacheka. "Sawa. Basi nitajiandika na mdomo."

Na akafanya hivyo. Tangu siku hiyo kila wimbo, magitaa yakianza kulegea mwishoni, alisema kwa Dholuo yetu: Mimi Onyuka, mwana wa Nyar Gwassi, wa Sindo. Halafu anamsalimia mama yake, huyo Nyar Gwassi, bibi yako. Nilizisikia salamu hizo mbili tatu za mwanzo, nikajua ndivyo zilivyo zote.

Sasa hesabu ya kaseti. Kaseti ya dakika sitini ina nusu saa kila upande. Nyimbo zake zilikuwa za dakika saba, zinaingia nne na ya tano inakatika katikati, na mteja ambaye wimbo umemkatikia katikati anarudi na maneno. Lakini ukipunguza dakika moja kila wimbo, zinaingia tano kamili na mteja anaona amepata zaidi. Dakika ipi utapunguza? Si ubeti, wala si pale tajiri anaposifiwa, maana ndiye aliyemleta mteja. Nilipunguza mkia. Magitaa yanalegea, nasikia "An", mkono wangu uko kwenye kitufe cha sauti, nakizungusha taratibu mpaka kimya. Nilikuwa hodari. Ungedhani wimbo umeisha wenyewe. Ni huo wa tisa tu ambao siku ile mkono ulichelewa.

Mwanangu, sikumkata kwa chuki, na hilo ndilo linaloniogopesha nikikufikiria wewe huko uendako. Kama ningemchukia ningejua ninafanya nini. Nilimpenda. Yeye ndiye aliyenishika mkono nilipokwenda kuposa, nikasahau maneno mbele ya wazee, akaniokoa na mzaha. Nilimkata kwa sababu ya nafasi. Ukianza kazi zako utakutana na watu wengi wanaosema nafasi haitoshi, na wengine watakuwa watu wazuri kama baba yako. Mimi nimejifunza kwa kuchelewa kutazama nafasi hiyo amewekewa nani.

Mara moja tu aligusia. Tulikutana Homa Bay, tayari amekonda, amevaa koti mchana wa jua kali. Siku hizo ugonjwa haukutajwa kwa jina. Tukakaa hotelini, akaagiza samaki asimle.

"Nilisikia wimbo yangu Ndhiwa," akasema. "Imekatwa mwisho."

"Labda tepu iliisha."

"Ah," akasema. "Tepu."

Akanisukumia sahani yake nile mimi. Hata leo sijui kama aliniamini au aliniachia tu. Nilikula yule samaki, Awino. Nilimaliza.

Baada ya hapo alikuja Suna mara moja tu, akarekodi nyimbo chache akiwa amekaa kitini, na baada ya miezi michache tukaitwa Sindo.

Mazishi hayo wewe ulibaki kwa jirani. Nilikwenda na redio kaseti ile kubwa na betri sita mpya, kwa sababu watu walisema mwimbaji hawezi kuzikwa bila sauti yake. Nikachukua kaseti ya dukani, ya kuuza, ya waimbaji mchanganyiko, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Wangekaa watu mia kunichagulia kosa, wasingechagua zuri kama hilo. Nikabonyeza. Sauti ikatoka, na boma zima likaanza kulia na kuyumba, wengine wakajibu kiitikio. Bibi yako alikuwa amekaa kando ya jeneza. Wimbo ulipokaribia mwisho, magitaa yakilegea, aliinua mkono juu. Watu wakanyamaza. Alijua kinachofuata, kwa sababu mwanawe alipomtembelea alimwimbia nyumbani na hakuwahi kumaliza bila salamu. Alikuwa ameinua uso, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

Sauti ikashuka taratibu, vizuri kabisa, kazi ya fundi. Halafu likaingia gitaa la mtu mwingine, wimbo wa harusi.

Unajua mila yetu. Mama mkwe hasemi na mkwewe ovyo, wala hamwiti jina mbele ya watu. Mimi mpaka leo sijawahi kula mezani pake. Siku hiyo aligeuka akaniita.

"Amos, kwa nini amenyamaza kabla hajanisalimia?"

Ningesema pale pale. Watu wangeguna, wazee wangenitoza kondoo, na leo lingekuwa hadithi ya zamani. Nikasema, "Mama, ni jua. Jua limeharibu kaseti."

Tukarudi nyumbani na mama yako akaniuliza kama zote zimeharibika. Nikasema zote. Ningefanyaje? Wimbo mmoja ukikatika, ni jua. Thelathini na nane zikikatika mahali pamoja, huo ni mkono wa mtu, na mama yako anaujua mkono wangu. Nikaendelea kuziuza chini chini, nikizichanganya na za waimbaji wengine, huku Suna na upande wa Kuria na mpakani. Upande wa ziwa sikupeleka hata moja. Spika ya nje sikuwahi kuipigia sauti yake, mama yako asije akaisikia akipita kwenda sokoni. Alipobatizwa Msabato na kuapa kutokanyaga dukani kwenye nyimbo za dunia, wengine walinionea huruma. Mimi nilishukuru.

Kuna jingine baya zaidi. Nimetengeneza chai nikaiacha ikapoa, na sasa naliandika.

Zile kaseti mama, zenye mikia yote, zilikuwa nne za dakika tisini. Ziliwekwa kwenye kasha la viatu chini ya kitanda na zilininyima usingizi kuliko mtoto mchanga. Kwaya ya mama yako ilipotaka kujirekodi, akaniomba kaseti tupu. Duka lilikuwa limejaa kaseti tupu. Nilimpa zile nne. Nilisema moyoni, sasa hazitakuwepo kweli, nitakuwa nimesema ukweli. Mama yako alisimama na wenzake mbele ya mashine yangu, niliyoibeba mpaka kanisani, akaimba soprano juu ya sauti ya ndugu yake, akaifuta, huku mimi nikimhesabia kwa vidole lini aanze. Tatu walizigawa kwa makanisa mengine. Moja ndiyo ile ya Ijumaa jioni, anayoiweka jua likizama, ambayo wewe na ndugu zako mnaijua kwa moyo mpaka kikohozi cha mzee wa besi.

Mficha uchi hazai. Ndiyo nimeuvua, na wa kwanza kuuona ni wewe, jambo ambalo baba hapaswi kumfanyia binti yake. Nisamehe na hilo pia.

Nikuambie nimefanya nini tangu saa nane. Nimefungua ile orodha yako. Nilikuwa nimekuchungulia nyuma ya bega lako mara nyingi, nikadhani najua. Nilihangaika nusu saa kutafuta pale pa kubonyeza. Halafu mahali pa msanii nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, Onyuka. Nikaenda kwenye wa pili. Vidole vyangu vimezoea kufunga skrubu ndogo za kaseti lakini hivi vitufe vinanishinda. Kuna mahali nimeandika Onyuya, kuna mahali nimefuta wimbo wote kwa bahati mbaya nikauokoa kwenye CD. Jina la Mwenye Lori nimeliacha, maana wimbo ni wake pia. Ila nilikuwa sijui mashine hii ina tabia gani. Kila nilipoandika jina, wimbo uliondoka ulipokuwa, kati ya wengine, ukaenda kujipanga chini ya mwenzake. Nilipomaliza wa mwisho walikuwa wote mahali pamoja, mstari mmoja mrefu uliojaza kioo. Miaka yote nilikuwa nawajua mmoja mmoja, kwa majina ya watu wengine. Sikujua kwamba aliimba kiasi hicho. Nikalia, Awino, nakwambia bila aibu, nikiwa nimejifungia, na yule wa cherehani akagonga tena.

Halafu nikawa na wazo la kijinga. Nikasema mkia hauwezi kurudi, lakini naweza kumtolea bibi kaseti mpya, na mwishoni niseme mimi: huyu ni Onyuka, mwana wa Nyar Gwassi, wa Sindo. Nikachomeka maikrofoni. Nikajaribu mara mbili. Nilipojisikiliza, alikuwa ni Amos wa duka anatangaza mali. Nikafuta.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho fundi yeyote wa kaseti angekikumbuka mapema, kama si kwamba hataki. Kwaya yenu haikujaza upande wa pili. Waliishiwa nyimbo. Mama yako Ijumaa huzima redio pale amina inapoisha, kabla haijapoa, na hajawahi hata siku moja kuiacha iendelee. Kila kitu baada ya ile amina hakikuguswa.

Nimetoka mlango wa nyuma, nimekwenda nyumbani, nimechukua kaseti ya mama yako kwenye kabati la vyombo. Nikirudi jirani akaniona. "Mguu umepona haraka," akasema. Nikaingia ndani.

Nimeiweka. Nimesikia amina. Nikaiacha. Ikavuma kidogo, kukawa na mlio wa kitufe, halafu wakatokea katikati ya wimbo, yeye na magitaa mawili, wakubwa na karibu, kana kwamba wako kile chumba cha nyuma. Ni siku ile ya mwisho, ile ya kiti. Najua kwa sababu anavuta pumzi kabla ya kila mstari. Magitaa yakalegea. Mkono wangu, nakuapia, ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Nikaukamata kwa mkono mwingine.

Anasema hivi, nami nakuandikia kwa Kiswahili kama ninavyokuandikia yote, kwa sababu kwa lugha yetu sitaweza kuimaliza:

"Mimi Onyuka, mwana wa Nyar Gwassi, wa Sindo. Mama, umelala? Nakuja. Dada yangu wa Suna, nakusalimia. Na shemeji yangu Amos, huyu hajatoa kitu, namsifu bure. Ndiye anayenitunzia sauti."

Halafu tepu inaisha. Safari hii inaisha kweli.

Nimeisikiliza mara nne kutaka kujua kama alikuwa ananitania. Alikuwa amekwisha kusikia ule wimbo wa Ndhiwa, alijua. Inawezekana alikuwa anacheka. Inawezekana alikuwa ananiomba. Inawezekana alinisifu tu, kama alivyosema. Sijui, na sitajua. Najua tu kwamba miaka yote niliandika kwenye karatasi majina ya waliotoa kitu ili wasifiwe, na jina langu lilikuwa mkiani, bure, na sikulisikia kwa sababu nilishafunga sauti.

Nilipoanza barua hii nilikusudia niitie kwenye begi lako, katikati ya shuka, uikute Sindo. Yaani nilikuwa nakutuma wewe ukanisemee kwa bibi yako. Naona sasa kwamba ule ungekuwa mkato mwingine. Kwa hiyo barua utaipata mkononi, leo, na kesho usishangae ukiniona stendi nimevaa koti la harusi. Nakwenda nawe mpaka Sindo. Nitasimama nje ya nyumba ya mama mkwe wangu kama inavyopasa, na nitasema nikiwa nimesimama. Akinifukuza utaendelea na safari yako Eldoret na mimi nitajua njia ya kurudi. Wewe usinitetee. Usiseme Baba alikuwa kijana, Baba alikuwa anatafuta riziki. Ukinihurumia, nihurumie ukiwa bwenini.

Na ukiwa huko, ukikuta mahali pameandikwa hajulikani, fanya ulivyofanya hapa. Rudisha mara tatu. Uliza. Ukiona anayejibu hageuki kukutazama, uliza mtu mwingine. Sina wosia mwingine wa kukupa, na huu nimejifunza kwako.

Lakini kabla ya Sindo kuna mama yako, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa kuwa yeye aliimba.

Jua limekwisha kushuka, Sabato imetoka. Nawasikia mkija na njia ya sokoni. Wewe unacheka kitu na yeye anakukemea, na anacheka pia. Nimemwambia yule jirani awaelekeze mje huku dukani, mlango wa nyuma. Mama yako atasita mlangoni kwa sababu ya kiapo chake. Mshike mkono, muingize, mkalishe kwenye kile kiti cha ndugu yake. Kaseti nimeirudisha mpaka kwenye amina yake. Nitabonyeza mara moja tu, halafu mikono yangu yote miwili nitaitia mfukoni.

Baba yako,
Amos